Mama Safi Mathilde wa Rivu, Aliyevuka Mto na Moto

Mama tunayemsindikiza leo aliitwa Safi binti Bulaimu. Mathilde ni jina alilolipata kwenye ubatizo. Jina la Mama Rivu mlimpa ninyi wenyewe, mlioshuka hapa na njaa zenu mkaambiwa, "Pitieni kwa yule mama wa alama za ndui, pale kwenye moshi." Maneno haya yanasomwa na Zéphirin, mtoto wa Louise, mdogo wa marehemu, kwa niaba ya jamaa yote. Ndani yake mna jambo moja ambalo nyumbani halikutajwa kwa miaka mingi. Limeandikwa kwa sababu binti yake, Pascaline, ameomba lisomwe mbele ya watu.

Mama Safi alizaliwa Wamaza, katika Kabambare. Mwaka wenyewe hakuna aliyeuandika. Mapadri walikadiria 1901, naye akaukubali, akisema kwamba mwaka ni kitu cha kukopeshana tu. Baba yake, Bulaimu, alikuwa mkulima wa mpunga. Mama yake aliitwa Subira. Safi alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, ndui iliingia Wamaza. Subira alihamia naye kwenye kibanda cha shambani, akamlaza juu ya majani ya migomba, akamlisha uji kwa kidole, mpaka ugonjwa ulipochoka. Ulimwachia uhai, ukachukua uso. Alama zile alikuwa nazo mpaka jana. Watoto wa jirani walimpa jina la Nanasi, na yeye, kwa maelezo yake mwenyewe, aliwapiga wote.

Mwaka 1911 Serikali ilifungua bandari hapa tulipo. Kwenye karatasi Wazungu waliandika Port-Hubert, lakini walipokuwa wakitaja ukingo wa mto walisema "rive", watu wakasikia Rivu, na Rivu pakawa. Miti ilikatwa, magogo yakapigiliwa majini yakawa gati, depo ya mizigo ikaezekwa kwa bati, na kando yake kuni za masua, meli za mvuke za mto, zikapangwa juu kuliko nyumba. Masua zilipanda Lualaba kutoka Kibombo, zinakoonana na gari la moshi. Zilileta chumvi, vitambaa, majembe. Zilirudi na mawese, mpunga na pembe. Toka hapa kwenda Kasongo na Kabambare hapakuwa na kamyo za mizigo wala punda. Kila kitu kilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Bulaimu aliletwa kuwa pagazi, na mwaka uliofuata akaenda kuwachukua mke na mtoto. Louise alizaliwa hapa.

Vita ya kwanza ilipofika, mapagazi wa Rivu walipelekwa upande wa Tanganyika wakibeba risasi na vyakula vya askari. Bulaimu aliondoka mwezi wa Machi 1916. Hakurudi, na hakuna mtu aliyekuja kusema alilala wapi. Subira alikaa matanga bila kaburi. Halafu akaweka mafiga matatu njiani, pale mapagazi wanapotua mizigo, akaanza kupika wali na sombe ya majani ya muhogo. Safi alichota maji, akatwanga, akajifunza kazi ambayo aliifanya maisha yake yote.

Shule ya wasichana wakati ule haikuwapo. Herufi za kwanza Mama Safi alizisoma kwenye makasha na magunia ya depo, na kwa muda mrefu aliamini kwamba maandishi yote duniani ni majina ya vitu vya kuuza. Katekista alimsogeza mpaka kitabu cha sala. Alibatizwa siku ya Noeli 1919. Baadaye masista walikuwa wakishuka toka Kasongo kufundisha wanawake wa Rivu kushona na kufuma sweta. Kushona alijifunza vizuri. Kwenye sweta aligoma. "Ma sœur," alisema, "nionyeshe kwanza mutu mumoja wa hapa anayesikia baridi." Sista alicheka mpaka akavua miwani, na tangu siku hiyo wanawake wa Rivu wakaachwa na cherehani yao.

Tarehe 11 Aprili 1920 alifunga ndoa na Emile, mtia kuni wa masua. Ndugu za Emile walimuuliza kwa nini anachukua msichana mwenye uso kama ule wakati Kasongo imejaa wasichana. Emile akawajibu: "Kazi yangu iko moto. Macho yangu yamekufa na moshi, sioni tena vitu vidogo vidogo. Naona mutu muzima tu." Waliishi vizuri. Pascaline alizaliwa Januari 1921, na mdogo wake, Heri, mwaka 1925. Novemba 1926 Emile alishikwa na homa ya mapafu akiwa safarini, akafa Kibombo, akazikwa huko huko. Mama Safi alibaki na watoto wawili na mafiga ya mama yake, ambaye naye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Miaka ile ndiyo Rivu ilikuwa Rivu. Palikuwa na duka la Mgiriki, msikiti wa udongo, kanisa la majani, kampi ya wafanyakazi yenye safu za nyumba zilizopakwa chokaa. Masua ikipiga honi, hata aliyekuwa anagombana na mke wake aliacha ugomvi akateremka gatini. Mahali pa Mama Safi palijulikana. Mtu aliyekuja mara ya kwanza alikuta sahani mbele yake kabla hajataja jina.

Sasa tunafika Agosti 1929.

Maji yalikuwa chini na mafungu ya mchanga yametokeza katikati ya mto. Masua iliyoitwa Léontine ilikuwa inapanda kutoka Kibombo na wanaume waliomaliza kazi zao migodini, wanarudi kwao Kabambare. Njiani wawili walitokwa na vipele. Kapiteni hakuthubutu kugusa gati. Aliwashusha abiria wote kwenye fungu kubwa lililo mbele yetu hapa, walipo ndege weupe, halafu akaiteremsha masua mbali kwenda kuifukiza. Mzungu mkuu wa posti ya Serikali alitoa amri kwamba mtumbwi usiende wala usije mpaka daktari afike na chanjo. Daktari alikuwa safarini katika vijiji vya Kabambare. Mjumbe alitumwa kumtafuta. Gunia la mchele liliachwa kwenye ncha ya fungu, na askari akasimamishwa ukingoni.

Asubuhi ya pili watu wa fungu walianza kupiga makelele. Watu wa Rivu walijaa ukingoni kuwasikiliza. Wengi hapa ni Wazimba na watu wa Kasongo, maneno hawakuyashika.

"Wanatulaani," alisema Marcellin, kapita msimamizi wa wafanyakazi wa bandari. "Sikieni sauti yao. Wanataka tufe pamoja nao."

Mama Safi alikuwa nyuma na mwiko mkononi. Alisogea mbele akasikiliza.

"Hawatulaani," alisema. "Ile ni Kibangubangu, luga ya kwetu. Wanaomba moto. Wanasema mchele iko, moto hakuna, na wenye kugonjwa hawawezi kutafuna mchele mubichi."

Kapita Marcellin, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliuliza nani atapeleka moto. Waliokuwa mbele wakarudi nyuma.

"Miye," alisema Mama Safi. "Ndui ilishanikula zamani. Hairudie mutu."

Kapita alipanda kwa Mzungu akarudi na jibu. Ruhusa ipo, lakini atakayevuka hatarudi mpaka daktari aseme. Mama Safi alidhani ni mambo ya siku nne au tano. Louise alimshika mkono, akamwambia, "Dada, wale si watu wako."

"Wanaita kwa luga ya mama," alijibu. "Unataka nifanye kama sisikie? Nilindie hawa watoto. Munganga akifika nitarudi."

Alitia makaa kwenye chungu, akafunika majivu, akachukua sufuria mbili, mawese, samaki wakavu na shoka. Heri alitaka kupanda mtumbwini naye. Pascaline ndiye aliyembeba mgongoni akamrudisha nyumbani, huku mtoto analia.

Juu ya fungu Mama Safi alikuta watu zaidi ya ishirini wanaokaa mbalimbali, kila mtu akimwogopa mwenzake. Aliwasha moto. Aliwapikia uji wagonjwa, na wazima akawatuma wasimamishe vivuli vya mikeka upande wa pili. Mmoja wao, mtu wa Lusangi aitwaye Asani, alikuwa na alama za ndui za utotoni kama yeye. Asani ndiye aliyeshirikiana naye kuwashika wagonjwa na kuchimba makaburi. Waliofariki walikuwa saba. Waislamu Asani aliwasomea. Wakristo Mama Safi aliwasalia. Na wale waliokufa kabla ya mtu kuwauliza dini yao walisomewa yote mawili. Siku moja mgonjwa kijana alimuuliza Mama Safi kama na yeye atabaki na uso kama ule. Alimwambia, "Kama una bahati." Kijana yule alipona. Aliposikia Mama anaumwa alituma watu toka Kabambare, nao wako kwenye mazishi haya.

Siku zilipita, daktari hakuonekana. Katika juma la pili, Heri alishikwa na kuhara damu. Louise alimpa dawa za majani, enfirmye, muuguzi wa bandari, akampa alizokuwa nazo, mtoto akazidi kulegea. Ndipo Louise aliposimama ukingoni na kumwita dada yake.

Mama Safi aliingia mtumbwini peke yake akapiga kasia kuja huku. Askari aliinua bunduki. Kapita Marcellin alimshusha mkono, akaingia majini mpaka magotini, akasema kwa sauti ya kuomba:

"Mama Safi, miye pia niko na watoto. Hujui nini iko kwa nguo yako, kwa nywele yako. Ukishuka hapa, ni watoto wote wa Rivu."

"Niletee Heri hapa karibu nimuone."

"Tukimuleta karibu, ndiyo umemugusa. Nitakuzuia namna gani?"

Alikaa kwenye mtumbwi, karibu kiasi cha watu kuona machozi, jua likapanda mpaka utosini. Hakuna aliyeondoka ukingoni. Pascaline alikuwa amesimama mbele ya wote, maji yakimpiga miguuni, akimwita. Halafu Mama Safi alikamata kasia, akageuza mtumbwi, akarudi kwenye fungu.

Heri alifariki kesho yake, tarehe 27 Agosti 1929. Alikuwa na miaka minne. Walimzika kwenye kilima nyuma ya kanisa, mahali panapoonekana kutoka mtoni, na mama yake alisimama juu ya mchanga mpaka watu walipotawanyika. Jioni ile, Asani anasema, alipika kama kawaida. Ilikuwa lazima wagonjwa wale.

Daktari alifika siku za kwanza za Septemba, akachanja mji mzima. Rivu haikuugua ndui hata mtu mmoja. Waliopona walivuka, wakapumzika, wakashika njia ya Kabambare. Mama Safi alichoma nguo zake, akaoga kwa dawa, akaingia nyumbani kwa Louise. Pascaline, aliyekuwa na miaka minane, aliondoka chumbani. Hakumtukana mama yake. Aliacha tu kula alichokipika. Alibaki kwa Louise mpaka alipokuwa mkubwa, na mwaka 1938 akaolewa Kabambare. Alikuja Rivu kwenye misiba na ubatizo, akamsalimia mama yake kwa heshima zote, akarudi. Watu walipomsifu Mama Safi mbele yake kwa habari ya fungu, Pascaline alikumbuka jambo moja, mgongo wa mama yake kwenye mtumbwi unaokwenda mbali.

Mama Safi naye hakupenda sifa zile. Mtu alipoanza, alimkata: "Moto niliupeleka miye. Mutoto wangu nilimuacha miye. Tuongee mengine."

Mwaka 1931 Asani alirudi kutoka Lusangi na mbuzi dume mmoja, akasema amekuja kusalimia. Alisalimia mwezi mzima. Alitengeneza paa, akajenga jiko la udongo, na mwishowe Louise akamuuliza waziwazi, "Shemeji, hiyo salamu haina mwisho?" Walioana kwa mila mwaka 1932. Kwa kuwa Asani ni Mwislamu, Mama Safi alikaa miaka sita bila kukomunika mezani pa Bwana, akisimama nyuma ya kanisa kila Jumapili, mpaka ruhusa ya askofu ilipopatikana na padri akabariki ndoa yao. Mwana wao, Bulaimu, mwenye jina la babu yake, alizaliwa mwaka 1933.

Barabara ya kamyo ilipofika, mizigo ya Kabambare haikupita tena juu ya vichwa, na mapagazi wakapungua. Wakati wa vita ya pili bandari ilijaa upya kwa mpunga na mpira. Watu walilazimishwa kurudi porini kugema mpira kama wakati wa wazee, na wengi walifika kwa Mama Safi wamekonda, miguu ina vidonda. Baada ya vita mchanga ulisogea. Kila kiangazi masua zilikwama, kila mwaka zikapungua. Mgiriki alifunga duka akahamia Kasongo. Masua ya mwisho ilipiga honi hapa Juni 1954. Mwaka uliofuata bati za depo ziling'olewa, zikapelekwa kuezeka mahali pengine. Bulaimu, ambaye ni dereva wa kamyo Kasongo, alimwomba mama yake ahamie kwake. Alikataa. Alisema watu wa mitumbwi wangali wanapita, na mtu wa mtumbwi anasikia njaa sawasawa na mtu wa masua.

Ugonjwa wake ulianza Julai 1956. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akawa anapumzika kati ya ndoo na mafiga. Lopitalini Kasongo waliona kwamba ni moyo. Walimpa dawa, wakamkataza chumvi na kazi. Chumvi aliiacha. Desemba alishindwa kusimama, na Asani akatuma neno Kabambare.

Pascaline alifika kabla ya Noeli. Alimwosha mama yake, akamgeuza, akampikia. Siku za kwanza walizungumza habari za mvua na za wajukuu. Asubuhi moja mwezi wa Januari, Asani akiwa mlangoni anasuka kikapu, Pascaline aliweka chini sahani akauliza alichokibeba tangu utoto.

"Mama, ile siku. Ulifika karibu hivi. Heri alikuwa anakufa, weye ulijua. Juu ya nini uligeuza mtumbwi? Ulimuogopa askari? Ao wale watu wa fungu walikuwa wakubwa kwako kuliko sisi?"

Mama Safi alimwonyesha akae karibu.

"Askari, hapana," alisema. "Na wale watu sikuwakumbuka hata kidogo. Kapita alisema watoto wote wa Rivu. Na hao sikuwakumbuka. Niliona weye. Ulikuwa umesimama ndani ya maji, mikono umefungua. Nikasema, nikiweka muguu chini, huyu atanirukia kabla ya mutu kumushika. Heri alikuwa amekwisha kwenda. Nilikuwa nimebaki na weye."

"Na juu ya nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na miaka nane. Ningekuambia nini? Kwamba mudogo wako alikufa bila mama kwa sababu yako? Bora unichukie miye. Miye niko mutu muzima, naweza kubeba."

Asani anasema aliacha kikapu akatoka nje, kwa kuwa maneno yaliyofuata hayakuwa yake. Jioni Pascaline alipika wali, akakaa kitandani, akala na mama yake katika sahani moja.

Mama Safi alipakwa mafuta ya wagonjwa tarehe 9 Februari 1957. Alifariki Jumanne tarehe 12, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Tunamzika leo Jumatano.

Ameacha mume, Asani wa Lusangi. Binti, Pascaline, na mume wake wa Kabambare. Mwana, Bulaimu, na mke wake, Marie-Louise. Mdogo wake, Louise, pamoja na watoto wake. Wajukuu tisa, na wa kumi njiani. Amewaacha pia watu wa Wamaza waliotembea mpaka hapa waliposikia anaumwa, mzee Marcellin aliyekuwa kapita, ambaye ameomba kuwa mmoja wa wabebaji wa jeneza, na watu wa mto ambao majina yao hatuyajui.

Wengine watazungumza baada ya hapa. Pascaline amesema yeye hatahutubia. Atatia udongo wa kwanza.

Mama Safi Mathilde, umefika ng'ambo. Shuka, upumzike, Mungu na akupokee kwa mikono miwili.